Nyasi Kwanza, Fedha Baadaye: Kulinda Malisho Panapopita Wanyamapori



Somo hili linahusu malisho ya wazi ya kijiji chako. Siku hizi malisho hayo yana watu wengi wanaoyataka. Mkulima anataka kulima maharage, kampuni ya utalii inataka kuleta wageni, na mhifadhi anataka njia za wanyamapori zibaki wazi. Wewe unataka ng'ombe wako wapone kiangazi. Je, mahitaji haya yanaweza kukaa pamoja? Yanaweza, ila ni lazima kijiji kijue kinalinda nini kwanza.

1. Mfano wa tambarare za Simanjiro

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire iko kaskazini mwa Tanzania. Wakati wa kiangazi wanyama hukusanyika huko kwa sababu Mto Tarangire una maji. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia hutoka nje ya hifadhi na kwenda kwenye tambarare za Simanjiro. Nyasi za huko zina madini mengi, hasa fosforasi, ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Ndiyo maana nyumbu huzalia huko, kwenye ardhi ya vijiji, mahali ambapo wafugaji nao hulisha ng'ombe.

Kwa miaka mingi mashamba yamekuwa yakiongezeka kwenye tambarare hizo. Mwaka 2005 kijiji cha Terrat kiliingia mkataba na kundi la kampuni za utalii. Kijiji kilikubali kwamba katika eneo lililotengwa hakutakuwa na kilimo wala makazi ya kudumu. Kwa upande wao, kampuni zilikubali kukilipa kijiji kila mwaka. Kulisha mifugo hakukukatazwa. Ng'ombe waliendelea kuingia kama zamani, na vijana wa kijiji walipewa kazi ya kulinda eneo hilo.

Mkataba huo haukuleta kitu kigeni. Wazee wetu walitenga alalili kwa ajili ya ndama, na wakajua wapi pa kuhamia masika na wapi kiangazi. Kilichoongezeka ni karatasi, sahihi na malipo.

2. Piga hesabu kabla ya kufurahi

Fedha za utalii husifiwa sana. Tuzipime kwa mfano. Tuseme kijiji kina kaya 600 na kinalipwa shilingi milioni 12 kwa mwaka. Zikigawanywa sawasawa, kila kaya inapata shilingi 20,000. Fedha hiyo hainunui hata mbuzi mmoja.

Zikikaa pamoja, fedha hizo hizo zinaweza kujenga darasa, kukarabati josho au kulipa walinzi wa malisho. Ni msaada mzuri, lakini hazitoshi kulisha familia. Tena zinaweza kukatika. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuia safari, wageni walitoweka, ila ng'ombe waliendelea kuhitaji kula kila siku.

Faida yako kubwa, basi, ni nyasi zenyewe. Mkataba unaokupa fedha na kukunyima nyasi ni hasara, hata kama fedha inaonekana nyingi siku ya kutia sahihi. Mkataba unaolinda nyasi ni faida, hata malipo yakiwa madogo.

3. Usisahau gharama: ugonjwa wa nyumbu

Kuishi na wanyamapori kuna gharama, na mfugaji wa Simanjiro anaijua vizuri. Ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyomdhuru yeye, lakini humuua ng'ombe. Virusi hivyo hutoka kwenye makamasi na machozi ya ndama hao katika miezi yao ya mwanzo.

Dalili kwa ng'ombe ni hizi:
- homa kali na kukataa kula;
- makamasi mazito puani na vidonda mdomoni;
- machozi mengi, kisha macho kufunikwa na ukungu mweupe.

Hakuna dawa ya kuutibu ugonjwa huu, na karibu kila ng'ombe anayeugua hufa. Ng'ombe hamwambukizi ng'ombe mwenzake. Kinga ni kuwa mbali: ondoa ng'ombe kwenye tambarare nyumbu wanapoanza kuzaa, na usiwarudishe mpaka ndama wao wafikishe umri wa karibu miezi 4. Ukiona dalili hizo, mwite afisa mifugo wa kata mapema, kwa sababu magonjwa mengine yanafanana nao.

Hapa ndipo mipango mingi inapokosea. Kijiji hutenga tambarare kwa ajili ya wanyamapori, kisha huruhusu mashamba kwenye vichaka na miinuko. Nyumbu wakizaa, ng'ombe wanakosa pa kukimbilia. Kwa hiyo tenga malisho mawili: ya tambarare, na ya kukimbilia wakati nyumbu wanapozaa. Linda pia njia ya kutoka moja kwenda lingine, na njia ya kufika kwenye maji.

4. Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Mgeni akileta mkataba, mwombe asome kila kifungu mkutanoni kwa Kiswahili, na pia kwa lugha ya nyumbani. Kisha ulizeni:
- Mifugo itaruhusiwa kuingia miezi yote? Kama si yote, ni miezi ipi?
- Mwaka wa ukame tutaruhusiwa kufanya nini?
- Mkataba ni wa miaka mingapi, na tunaweza kuuvunja kwa njia gani?
- Malipo yataingia akaunti ipi, na nani atasoma hesabu mbele ya mkutano?
- Simba akiua ng'ombe, nani atafika, na baada ya muda gani?

Jibu lolote lisiloandikwa kwenye mkataba, lihesabu kuwa halijatolewa.

5. Ifanye ardhi iwe na karatasi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa watu wazima wote wa kijiji, wanaume kwa wanawake. Usipohudhuria, ardhi inaweza kugawiwa wewe ukiwa machungani.

Hatua za kufuata ni hizi:
(a) Wazee, kina mama na vijana wachungaji wachore pamoja ramani ya malisho, maji na njia za mifugo. Kina mama wanajua ndama wanalishwa wapi na kuni na maji vinatoka wapi, kwa hiyo wasiachwe nje.
(b) Mkutano Mkuu upitishe mpango wa matumizi ya ardhi pamoja na sheria ndogo za kuulinda.
(c) Kijiji kiombe hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja kwa ajili ya malisho. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya namna hiyo mwaka 2011.
(d) Kubalianeni na vijiji jirani, maana mvua haifuati mpaka wa kijiji.

Kumbuka: shamba likishalimwa katikati ya malisho, kulirudisha ni ugomvi wa miaka. Kulizuia kabla ni kazi ya mkutano mmoja.

Maswali ya kujadili bomani
1. Nyumbu wanapozaa, ng'ombe wetu huenda wapi? Je, eneo hilo limeandikwa popote?
2. Fedha za wageni zikikatika leo, kijiji chetu kitabaki na nini?
3. Nani katika boma letu hajawahi kuhudhuria Mkutano Mkuu, na kwa nini?