MAMA AENDAPO SOKONI, AMWACHIE MTOTO MAZIWA YAKE



Leo tutajifunza kukamua maziwa ya mama kwa mkono. Kazi hii haihitaji fedha wala mashine.

Mama wa Mirongo ana kazi nyingi. Alfajiri huenda sokoni kuuza dagaa au nyanya. Mtoto mchanga hubaki na bibi. Mtoto akilia, bibi humpa maji au uji mwepesi. Bibi hufanya hivyo kwa upendo. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hahitaji uji wala maji. Maji yasiyochemshwa, yawe ya ziwani, ya kisimani au ya Mto Mirongo, yanaweza kumharisha. Mtoto mchanga akiharisha huishiwa maji mwilini upesi. Anaweza kufa. Maziwa ya mama ni chakula chake na ni maji yake.

Wapo wanaocheka na kusema, "Kukamua ni kwa ng'ombe." Basi tuwaulize wafugaji. Ng'ombe asipokamuliwa, hukauka. Mama naye ni hivyo. Matiti yakijaa kutwa nzima bila kutolewa maziwa, huuma, na baadaye maziwa hupungua. Yakitolewa, mengine hutengenezwa.

JINSI YA KUKAMUA

1. Osha mikono kwa maji na sabuni.
2. Chukua kikombe safi chenye mdomo mpana na mfuniko. Kisuuze kwa maji yaliyochemka.
3. Kaa mahali tulivu. Kanda matiti polepole kwa kitambaa chenye uvuguvugu.
4. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, kwenye ukingo wa sehemu nyeusi inayozunguka chuchu.
5. Sukuma vidole nyuma kuelekea kifuani. Kisha bana na uachie. Rudia. Usivute chuchu wala usiteleze vidole juu ya ngozi. Ukiumia, badilisha mahali pa vidole.
6. Kamua titi moja dakika 3 hadi 5, kisha hamia la pili. Rudia yote mawili. Kazi yote huchukua dakika 20 hadi 30.

Mara ya kwanza hutoka matone tu. Usikate tamaa. Anza mazoezi siku kadhaa kabla ya kurudi kazini. Ukiwa sokoni, kamua kila baada ya saa 3.

Kama umejifungua sasa hivi na mtoto hawezi kunyonya, anza kukamua mapema, usiku na mchana. Maziwa ya kwanza ya manjano, yaani dang'a, usiyamwage. Hata kijiko kimoja humkinga mtoto na magonjwa.

KUTUNZA NA KUMNYWESHA

Funika kikombe. Kiweke kivulini penye ubaridi. Ni vizuri maziwa yanywewe katika muda wa saa 4 tangu yalipokamuliwa. Yakipita saa 6, yamwage. Usiyachemshe. Ukitaka kuyapasha, weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto.

Bibi, mpakate mjukuu akae wima. Gusisha kikombe kwenye mdomo wake wa chini, naye atakunywa mwenyewe kidogo kidogo. Usimmiminie, atapaliwa. Usitumie chupa ya chuchu, kwa sababu ni ngumu kuisafisha. Maziwa yakibaki kikombeni, usimwekee ya baadaye.

Mama akirudi jioni, amnyonyeshe mtoto kwanza. Baba, mpokee mama mzigo.

Titi likiwa jekundu, gumu na lenye maumivu, na mama ana homa, aende zahanati siku hiyo hiyo. Asiache kunyonyesha wala kukamua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maziwa hupungua yasipokamuliwa?
2. Kwa nini kikombe ni bora kuliko chupa?
3. Katika kaya yako, nani hubaki na mtoto? Je, somo hili amelisikia? Kama bado, msomee leo.