Jicho la nzi

Watoto, nani kati yenu amepata kumkamata nzi kwa mkono? Ni kazi ngumu. Mkono haujafika, nzi amekwisha ruka. Sababu iko katika macho yake.

Kila jicho la nzi limefanywa kwa vijicho vidogo karibu 3,000. Vina pembe sita, navyo vimepangwa kama masega ya nyuki. Kila kijicho kina kioo kidogo juu. Chini ya kioo mna chembe hai 8, nyembamba na ndefu. Kazi yao ni kupokea mwanga.

Lakini ubongo umo gizani, ndani ya kichwa. Mwanga haufiki huko. Basi habari zake hufikaje? Hufika kwa umeme mdogo sana, hivi:

1. Ndani ya chembe mna rangi iitwayo rodopsini. Mwanga ukiigusa, rangi hiyo hugeuka umbo.

2. Rodopsini iliyogeuka huamsha vitu vingine, navyo huamsha vingine, kama habari ipitishwayo kwa ngoma toka kijiji hata kijiji.

3. Mwishowe vilango vidogo katika ngozi ya chembe hufunguka. Nje mna maji yenye chumvi. Vipande vidogo sana vya chumvi, vyenye umeme, huingia ndani.

4. Hapo alama ya umeme hutokea, nayo huenda mpaka ubongo. Mwanga ukikoma, vilango hufungwa.

Yote hayo hutendeka upesi ajabu. Taa ikiwaka na kuzimika mara 100 kwa sekunde moja, sisi huona mwanga mmoja tu. Nzi huona kila mwako. Ndiyo maana anauona mkono wako mapema.

Macho yetu pia yana rodopsini, ingawa kwetu mwanga hufunga vilango badala ya kuvifungua. Na rodopsini, ya nzi na ya mtu, hutengenezwa kwa vitamini A itokayo katika chakula. Wataalamu waliwalisha nzi chakula kisicho na vitamini hiyo: macho yao yakawa dhaifu.

Hata mtoto akiikosa, jioni haoni vizuri. Hujikwaa penye viti na mawe. Asipotunzwa, aweza kupofuka kabisa. Msimcheke. Mwambieni mama yake ampeleke kwa mganga wa dispensari. Nanyi kuleni sombe, mapapai, mayai, na mafuta mekundu ya mawese. Msiyachemshe mafuta hayo mpaka yawe meupe, maana vitamini huharibika.

Mungu aliyempa nzi macho ya namna hiyo ametupa na sisi macho. Tuyatunze.

Maulizo

1. Kila kijicho cha nzi kina chembe ngapi za kupokea mwanga?
2. Mwanga ukiigusa rodopsini, inakuwaje?
3. Nini huingia katika chembe vilango vikifunguka?
4. Mdogo wako hujikwaa kila jioni. Utafanya nini?