Ketamini: Dawa ya Chumba cha Upasuaji, si ya Kijiweni

Daktari, mdogo wangu alivunjika mguu kwenye duara la mgodi, akachomwa ketamini ili mfupa urudishwe. Alipozinduka akasema alikuwa anapaa juu ya mabati. Ameshakuwa teja?

Hapana. Hayo ni maruweruwe, huisha baada ya saa chache. Nusukaputi hii inatumika tangu 1970, na kwa hospitali za huku, Kolandoto hadi Geita, thamani yake ni kubwa: mgonjwa hasikii kisu, lakini kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe na presha haiporomoki. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 1985. Msimtishe mgonjwa akaikataa.

Basi hatari iko wapi?

Kwa anayeitafuta ili apae. Dozi ya jana leo haimtoshi, anaongeza. Kisha kinafuata kibofu. Mabaki ya dawa hutoka na mkojo, yakichubua kibofu mpaka kinapata vidonda, kinakakamaa na kusinyaa. Usiku kucha mtu yuko chooni, anatoa matone yenye damu. Madaktari wa Kanada waliripoti hali hii mwaka 2007.

Kwetu Shinyanga kuna mtego zaidi. Damu kwenye mkojo, hasa kwa anayelima majarubani, kila mtu anasema kichocho. Kijana anapewa prazikwanteli, halafu dawa za yutiai, miezi inapita, naye kwa aibu hasemi anachotumia. Aseme! Akiacha mapema kibofu kinaweza kupona. Wapo waliochelewa wakaishia kuondolewa kibofu.

Akichanganya na gongo?

Anaweza kutapika akapaliwa, au pumzi ikakata. Hata peke yake, ketamini inaondoa maumivu pamoja na mizani ya mwili. Mwigizaji wa Marekani, Matthew Perry, alikutwa amekufa kwenye bwawa dogo la maji moto nyumbani kwake Oktoba 2023; uchunguzi ulitaja ketamini kuwa sababu kuu, na kuzama kuwa mojawapo ya zilizochangia. Sasa mfikirie anayeshuka duara kwa kamba.

Tukimkuta amezimia?

Mlazeni ubavu. Maziwa msimpe, wala maji. Mkimbizeni hospitali, na kichupa mkikiona kichukueni. Na mkijua nani anaiuza mtaani, pigeni 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.