Dhahabu ipo, utajiri uko wapi?

SWALI: Nyamongo hapa jirani inatoa dhahabu tangu nikiwa mtoto. Mbona Tarime haijatajirika? Wataalamu wanasemaje? — Msomaji, Itiryo

JIBU: Hawakubaliani. Mwaka 1960 Mmarekani Walt Rostow alidai kila nchi hupanda ngazi zilezile. Maskini avute subira, awekeze. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alisema kinyume kabisa katika kitabu chake cha 1972: Afrika haikuchelewa, ilinyonywa.

Mgodi wa North Mara, huo wa Nyamongo, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, unampa Rodney hoja nzito. Mtaji ulitoka nje, na faida ikafuata njia hiyohiyo. Kahawa ya Tarime nayo huuzwa ghafi, ikaangwe na kupewa jina ughaibuni, kwenye bei nono.

Lakini Rodney haelezi yote. Daron Acemoglu na wenzake, washindi wa Nobel ya uchumi 2024, husisitiza taasisi: nani anaandika mkataba, nani anahojiwa? Mwaka 2020 serikali na Barrick, kampuni inayoendesha mgodi huo, walisaini makubaliano ya Twiga, kampuni yao ya pamoja, serikali ikapata hisa asilimia 16 katika mgodi. Dhahabu ileile, mkataba tofauti. Kwa msomaji wa Itiryo, swali linalobaki ni gumu zaidi: katika fungu hilo, halmashauri inapata nini, na inakitumiaje?