Soketi Chini ya Siti: Unapofungua Viti vya Gari Kyela

Msimu wa mpunga ukifika Kyela, ukipita kwenye mashine za kukoboa utakuta siti za Noah zimeegemezwa ukutani, na gari lenyewe limekaa chini nyuma kwa uzito wa magunia. Kesho yake gari hilohilo linarudishiwa siti zake na kupandisha familia kwenda Tukuyu, au kushuka Kasumulu mpakani. Wengine huzifungua ili wabebe kakao, usipa, au vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe. Wengine huzifungua kwa sababu maji yameingia ndani na kapeti limeanza kunuka. Kulegeza bolti nne si kazi. Kazi ni waya zilizo chini ya siti, maana wengi hukutana nazo siti ikiwa tayari imenyanyuliwa, mkono mmoja umeishika na mwingine unatafuta kisu.

Kisu kiwekwe kando. Hakuna waya hata mmoja chini ya siti unaohitaji kukatwa ili siti itoke. Kiwandani waliweka soketi, yaani vile viunganishi vya plastiki vinavyochomolewa na kuchomekwa, kwa sababu walijua siti itafunguliwa siku moja. Ukiona fundi anakata, ujue ama hajaiona soketi au ameshindwa kufungua kibanio chake.

Siti nyingi zinazotolewa kwa ajili ya mzigo hazina umeme kabisa. Katika Noah na Hiace za miaka ya nyuma, siti ya tatu, na mara nyingi hata ya pili, ni chuma, sponji na kitambaa tu. Matoleo mapya zaidi yana waya mbili nyembamba zinazokwenda kwenye mdomo wa mkanda, ambazo huiambia dashibodi kama abiria wa nyuma amefunga. Alphard ni habari nyingine: siti zake za katikati, hasa za matoleo ya bei ya juu, zina mota za kulaza mgongo na kuinua sehemu ya kuwekea miguu. Umeme mwingi, hata hivyo, uko kwenye siti mbili za mbele. Chini ya siti ya dereva unaweza kukuta waya nene za mota, waya za mkanda na waya za eabegi ya ubavuni. Upande wa abiria kuna nyongeza, sensa ya uzito inayotambua kama kuna mtu ameketi. Ndiyo maana ukiweka gunia au ndoo ya samaki kwenye siti hiyo, taa ya mkanda huwaka na kengele inalia mpaka Ipinda. Dawa yake ni kuufunga mkanda juu ya mzigo, au kuuhamishia mzigo nyuma. Waya wa sensa uachwe ulivyo.

Soketi ya njano

Katika magari mengi ya Kijapani, soketi ya njano ndiyo ya eabegi. Eabegi ya ubavuni imefichwa ndani ya mgongo wa siti, upande wa mlango, na utaitambua kwa kilebo kidogo kilichoshonwa pembeni chenye maneno SRS AIRBAG. Ndani yake kuna kifyatuo kidogo cha baruti kinachowashwa kwa umeme kidogo sana. Kompyuta ya eabegi hutunza akiba ya umeme kwa muda hata baada ya betri kuondolewa, ili gari likigongwa na betri ikapasuka, eabegi ifanye kazi bado. Kwa hiyo kuzima gari peke yake hakutoshi. Toyota huelekeza kutoa waya wa hasi wa betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa soketi hizo. Kampuni nyingine hutaka dakika 3. Subiri hizo 3 kwa kila gari. Hakuna mchele utakaoharibika kwa dakika moja na nusu.

Jambo la pili kuhusu njano ni mita. Fundi umeme akiwa na mita mkononi, hamu yake ni kupima kila waya unaomkosesha usingizi. Hapa asipime. Mita ikiwekwa kwenye kipimo cha ukinzani hutoa umeme wake yenyewe, na kifyatuo kinaweza kulipuka mtu akiwa ameinama juu ya siti. Kifyatuo kikifyatuka mfuko hutoka kwa kasi inayoweza kuvunja mkono. Wapo pia wanaofunga kipande cha kizuizi cha umeme kwenye soketi ya njano ili taa ya eabegi izime na gari liuzike. Taa inazima kweli, na mnunuzi anaondoka na gari ambalo haliwezi kumlinda ubavuni. Kama unanunua gari Mbeya mjini au Tunduma, washa swichi bila kuwasha injini uitazame taa hiyo. Inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, ina maana balbu imetolewa au imezibwa, na hilo ni baya kuliko taa inayobaki imewaka.

Halafu kuna makava. Kava la ngozi bandia linaloshonwa kwa vipimo na kubana siti nzima linapendeza, lakini likifunika kile kilebo cha ubavuni linazuia mfuko kutoka. Mwambie mshonaji aache upande ule wazi. Wengi wao hawajawahi kuambiwa.

Kwa sababu tumezungumzia eabegi, na kwa sababu Kyela ni joto na unyevu mwaka mzima, ongeza hili: mamilioni ya magari duniani yaliitwa kurudishwa kwa matengenezo kwa sababu ya eabegi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017. Ilibainika kwamba joto, unyevu na umri huharibu baruti yake mpaka ikifyatuka inarusha vipande vya chuma. Nyingi kati yake ni zile za usukani na za mbele ya abiria, wala si za siti. Kampuni nyingi za magari zina ukurasa kwenye tovuti zao ambapo unaandika namba ya chesisi na kujua kama gari lako limo.

Namna ya kuitoa

Kosa la kawaida kwenye siti za umeme ni kukimbilia betri. Ukishaitoa betri, siti haisogei tena, na bolti mbili zimebaki zimefichwa chini ya reli. Fanya kinyume. Gari likiwa na umeme, sogeza siti nyuma kabisa, legeza bolti za mbele. Isogeze mbele kabisa, legeza za nyuma. Kwa Toyota nyingi ni spana boksi namba 14. Kisha iweke siti katikati, zima gari, toa funguo, ndipo utoe waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10 na uanze kuhesabu dakika zako.

Bolti zikitoka, usiinyanyue siti moja kwa moja. Ilaze nyuma ili upate mwanga chini yake, na kabla ya kugusa chochote piga picha kwa simu. Picha hiyo itakuonyesha jioni ni waya upi ulipita juu ya reli na upi chini yake. Kila soketi ina kibanio: nyingine unakibonyeza kwa kidole gumba, nyingine, hasa ya njano, ina kufuli ya pili ya plastiki unayoivuta kwanza kwa bisibisi bapa ndogo. Shika plastiki yenyewe uvute. Ukivuta waya, pini inalegea ndani bila wewe kuona, na gari litaanza kukulalamikia wiki mbili baadaye kwenye rasta za barabarani.

Siti ikishatoka, funika kila mdomo wa soketi kwa mfuko mdogo wa plastiki na uufunge kwa mpira. Zile bolti zirudishe kwenye matundu yake hapohapo sakafuni, maana tundu lililojaa punje za mpunga na mchanga wa Matema ni balaa kulisafisha.

Ukitoa siti ya mbele yenye soketi ya njano na ukawasha gari, kompyuta itaandika hitilafu na taa itabaki imewaka hata siti ikirudishwa, mpaka ifutwe kwa mashine. Kwa hiyo siti za mbele zisitolewe kwa ajili ya mzigo. Zikitoka, betri isirudishwe mpaka soketi zote zimechomekwa.

Onyo moja kwa wenye gari za haibridi, ambazo zimeanza kuzoeleka hata huku kwetu. Toyota Aqua ina betri kubwa chini ya siti ya nyuma. Noah ya haibridi, iliyoanza kutoka mwaka 2014, ina ya kwake chini ya siti za mbele. Betri hizo zina volti zaidi ya 100, na nyaya zake ni za rangi ya machungwa. Waya wa machungwa haumhusu mtu asiye na mafunzo na glovu maalumu. Kwenye Aqua kuna pia tundu la kuingiza hewa ya kupoza betri karibu na siti ya nyuma. Magunia yakiliziba, betri inapata moto na maisha yake yanafupika.

Maji

Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika kati ya Machi na Mei. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote zinateremka kutoka milimani kuja kumwaga ziwani kupitia tambarare hii. Lakini maji hayasubiri mafuriko ili yaingie ndani ya gari. Bomba dogo la kutolea maji ya AC likiziba kwa vumbi, maji humwagikia chini ya kapeti, taratibu, msimu mzima. Juu kapeti ni kavu. Bonyeza kwa ngumi uone sponji iliyo chini yake.

Soketi za siti ziko sentimita chache tu juu ya sakafu hiyo. Fungua moja iliyolowa miezi kadhaa utakuta unga wa kijani umekaa kwenye mizizi ya pini, na pini moja nyembamba imeliwa mpaka imekuwa kama sindano. Hapo ndipo siti inapoanza vituko: inakwenda mbele lakini hairudi, au taa ya mkanda inawaka ukiwa umefunga. Watu hununua mota mpya. Mara nyingi mota ni nzima, na tatizo ni soketi au ile sehemu waya wa ethi ulipofungwa kwenye bodi kwa bolti. Kwangua kutu mpaka chuma king'ae, kaza upya, paka grisi kidogo juu yake. Pini za soketi zisafishwe kwa dawa ya kupuliza ya viunganishi vya umeme na mswaki laini, zikauke kabisa, kisha zipakwe grisi ya silikoni kidogo. Petroli haifai, inadhoofisha plastiki na inaweza kuwaka.

Gari likizama mpaka maji yakafika kwenye siti, usiwashe swichi ili "kujaribu". Toa betri kwanza. Siti na kapeti vitoke, soketi zisuuzwe kwa maji safi ili tope litoke, vikaushwe kivulini kwenye upepo kwa siku kadhaa. Kompyuta ya eabegi kwa kawaida iko katikati ya sakafu, chini ya mkono wa gia au karibu na hapo. Iliyozama haikaushwi. Inabadilishwa.

Waya uliokatika

Waya wa siti hukatika kwa sababu mbili: umebanwa chini ya reli, au umevutwa kwa kuwa urefu hautoshi siti ikifika mwisho. Ukiwa wa mota, ni waya mnene wenye fyuzi kubwa, mara nyingi ya ampea 30. Mota ya wati 120 kwenye volti 12 hula ampea 10, na ikikwama kwa mchanga hula zaidi. Ukiunga hapo kwa waya wa spika, ndio utakaogeuka kuwa fyuzi, na utawakia chini ya sponji. Unga kwa waya wenye unene uleule, uchomelewe kwa risasi, uvalishwe mpira unaobana kwa joto. Kuzungusha na kubandika tepu hakudumu kwenye unyevu huu. Fyuzi ikikatika mara mbili, waya umegusa chuma mahali. Mwenye kufunga karatasi ya sigara penye fyuzi anaalika moto. Waya wa soketi ya njano hauungwi. Hubadilishwa seti nzima.

Baadhi ya magari yaliyotoka sehemu za baridi za Japani yana hita ndani ya siti. Kyela hakuna wa kuihitaji, ila huenda usiku wa Julai ukawa na mgeni wa Tukuyu anayeulizia swichi yake. Kama siti imekanyagwa kwa magoti na magunia, ule wavu wa waya ndani huvunjika na kupata moto sehemu moja. Toa fyuzi yake, yaishe.

Ukinunua siti ya mtumba, Ilala Dar es Salaam au popote, linganisha soketi na ya zamani pini kwa pini, na ukague mshono wa ubavuni: ulioshonwa upya unaashiria eabegi iliyokwisha kufyatuka. Na kama ni gari la abiria, leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, imetolewa kwa idadi maalumu ya watu, kwa hiyo kupunguza siti au kuongeza benchi la mbao si suala la fundi peke yake.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa. Chomeka soketi mpaka usikie mlio, rudisha ile kufuli ya pili, hakikisha waya umepita ulivyokuwa kwenye picha. Anzisha bolti zote nne kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Rudisha betri, washa swichi ukiwa nje na hakuna mtu aliyeketi, subiri taa ya eabegi izime. Kisha sogeza siti mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwisho huku mwenzako anamulika chini kwa simu akiangalia kama kuna waya unaovutwa au kubanwa.