Kifua Kinachosema

JUMATANO

Mwezi Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alifika Kigoma kwa siri. Akiwa na wapiganaji kutoka Kuba alivuka Ziwa Tanganyika na kuingia katika vita vya mashariki mwa Kongo, akitumia jina la Kiswahili, Tatu. Novemba mwaka huohuo alirudi Kigoma, mpango wake ukiwa umeshindwa. Leo sura yake, iliyotokana na picha iliyopigwa na Alberto Korda huko Havana mwaka 1960, imechapwa kwenye fulana duniani kote. Kwa wengine yeye ni mkombozi. Kwa wengine ni mtu wa damu.

Fikiria kijana wa kanisa anayeikuta fulana hiyo kwenye mitumba sokoni Ujiji. Yeye si mfuasi wa Che. Anachekeshwa tu kwamba mtu aliyepigana na ubepari sasa anauzwa kama bidhaa, hivyo anaivaa kwa utani. Jioni anapita Kibirizi, mahali yanapotia nanga maboti ya kutoka Kongo. Hapo ameketi mzee aliyevuka ziwa utotoni, akikimbia mapigano ya Fizi. Mzee haoni utani wowote. Anakumbuka wale ambao hawakuvuka.

Soma Mithali 26:18, 19. Anayejitetea kwamba alikuwa akifanya mzaha anafananishwa na nani? Kwa nini mfano huo ni mkali hivyo?

___________________________________________

Mshale hauulizi nia ya aliyeurusha; unajeruhi pale unapotua. Mzaha nao huhitaji watu wawili wanaouelewa, na fulana haiwezi kusimama ikajieleza kwa kila mpita njia. Akina mama wanaovaa kanga wanalijua jambo hili. Kanga ina pindo, mji na jina. Mwanamke akichagua jina la kumchoma jirani yake, aweza kusema hakumtaja mtu. Hata hivyo jirani amesoma, na mtaa mzima umesoma.

Soma Kutoka 28:36–38 na Hesabu 15:38–40. Mavazi haya yalibeba ujumbe gani, na kwa faida ya nani?

___________________________________________

Biblia haidharau maandishi na alama za mavazi. Kuhani mkuu alivaa juu ya paji la uso bamba la dhahabu lililotangaza kwamba utakatifu ni wa Bwana. Waisraeli waliweka vishada kwenye nguo zao ili wakiviona wazikumbuke amri za Mungu. Katika yote mawili, maana ilikuwa wazi, na aliyetazama alijengwa.

Soma 1 Wakorintho 8:9–13. Je, Paulo anasema kwamba wenye ujuzi wamekosea kuhusu sanamu?

___________________________________________

La. Ni kweli kwamba sanamu si kitu, kama ilivyo kweli kwamba fulana ni kitambaa na rangi. Lakini Paulo hamwachi mwenye ujuzi aishie hapo. Anamwonyesha ndugu yake, ambaye Kristo alimfia. Swali linabadilika: badala ya "Je, nina haki ya kuivaa?" linakuwa "Anayeisoma atabaki na nini moyoni?"

Wakati huohuo Yakobo 2:1–4 hatupi ruhusa ya kumhukumu mtu kwa nguo zake. Kijana asiitwe mwasi mbele ya kanisa. Mzee akimwita pembeni na kumsimulia alichokiona upande wa pili wa ziwa, huenda kijana akaibadilisha fulana mwenyewe bila kuamriwa. Hapo watakuwa wamepata kitu kikubwa kuliko ushindi wa hoja: kila mmoja atakuwa amemsikia mwenzake.

Tafakari: Je, kuna nguo, picha au maneno ya utani unayoyatumia ambayo maana yake unaijua wewe na rafiki zako tu? Ni nani katika kanisa au mtaa wako anayeweza kuyasoma kwa maumivu, na unaweza kuanzaje kumwuliza?