Dondoo muhimu: Kambi ya asali na mbwa wako

Ukitoka kijiji cha Puge kwenda kurina asali kwenye miombo, mbwa ni mlinzi mzuri, ila naye ana haki ya kurudi nyumbani mzima.

• Chanjo kwanza. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa anapofikisha miezi 3, kisha kila mwaka.

• Jihadhari na mbung'o. Huuma mchana na kueneza ugonjwa wa nagana. Mbwa akipata homa, akikonda au jicho likiingia ukungu, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja.

• Mweke mbali na mizinga. Mwache kambini, amefungwa kwa fundo linalofunguka upesi. Nyuki wakichafuka, mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia.

• Kagua kupe kila jioni. Tazama masikioni, kwapani na katikati ya vidole.

• Usiku alale karibu na moto. Chui hupenda nyama ya mbwa, na fisi haogopi mbwa anayebweka. Mabaki ya chakula yafukie.

• Beba maji yake. Kiangazi vijito hukauka. Usitegemee madimbwi.

• Heshimu mipaka. Hifadhi za taifa haziruhusu kuingia na mbwa.

• Akimng'ata mtu: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili za kichaa zikishaanza, tiba huwa imechelewa.